Ngazi ya 5, nafasi ya mbele: Mpiganaji, Babariani, Paladini au Mtawa?

Mrusha20:
Wakuu, naomba ulinganisho. Meza yetu inaanza mchezo wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons kwa kanuni za 2024, wahusika wote ngazi ya 5. Tayari tuna mchawi, kasisi na mjanja wa kuvizia. Anatakiwa mtu wa kusimama mbele. Nimebaki na hao wanne. Mwendesha mchezo wetu huweka mapambano mawili au matatu kwa siku, na mapumziko mafupi, yale ya katikati ya siku yanayorudisha baadhi ya uwezo, ni nadra sana. Nataka hesabu, maana "chagua unachopenda" haitanisaidia.

FundiDadu:
Mkuu, tuwaweke kwenye masharti sawa kwanza. Nguvu 18, yaani nyongeza +4, na ustadi +3: jumla +7 kwenye d20, dadu ya pande 20. Adui ana kinga 15, yaani jumla unayotakiwa kufikia ili umpate, kwa hiyo 8 kwenda juu inapiga, sawa na asilimia 65. Silaha ni upanga mkubwa wa mikono miwili, 2d6 (dadu mbili za pande 6), wenye umahiri wa Mkwaruzo: hata ukikosa, adui anapoteza uhai sawa na nyongeza yako, hapa 4.

Mpiganaji mwenye mtindo wa silaha kubwa anahesabu kila 1 na 2 ya dadu kuwa 3, hivyo wastani wa 2d6 unapanda kutoka 7 hadi 8. Mapigo mawili, ukijumlisha 20 halisi (d20 ikitua 20, dadu za madhara huongezwa maradufu) na mikwaruzo, yanatoa 19.2 kwa zamu. Babariani mwenye hasira anaongeza 2 kwa kila pigo, na akishambulia bila kujilinda anarusha d20 mbili na kuchukua kubwa. Uwezekano wake unafika karibu asilimia 88, na wastani ni 25.2.

Hapo wengi husema Babariani kashinda, wakaishia hapo. Wanasahau kwamba Mpiganaji anaweza kutenda mara mbili ndani ya zamu moja. Pambano la raundi 2: Mpiganaji 58, Babariani 50. Raundi 3 wanakaribiana, 77 kwa 75. Raundi ya 4 Babariani anapita, 101 kwa 96. Ila ruhusa hiyo ya kutenda tena hurudi kwa mapumziko, na kwenu mapumziko mafupi ni nadra. Pambano la pili la siku, raundi 3, Mpiganaji anabaki na 58 huku Babariani akitoa 75 zake, kwa sababu ngazi ya 5 ana hasira 3 kwa siku. Kwa meza yako hilo ndilo linaloamua.

BintiNgao:
FundiDadu hesabu yako ni safi, lakini umepima upande mmoja. Aliye mbele kazi yake ni kupigwa.

Chukua adui mwenye +6 kwenye d20. Mpiganaji aliyevaa bamba kamili, vazi zito la chuma, ana kinga 18, adui anahitaji 12, asilimia 45. Babariani asiye na vazi, Wepesi 14 na Ustahimilivu 16, ana kinga 15. Akiwa ameshambulia bila kujilinda, adui naye anarusha d20 mbili, na pigo linapata kwa asilimia 84. Hasira inakata madhara ya silaha nusu, kwa hiyo ni sawa na 42. Karibu sare! Tofauti inakuja kwenye uhai: Mpiganaji mwenye Ustahimilivu 14 ana 44, Babariani 55. Na bamba kamili ni vipande 1,500 vya dhahabu, ambavyo kundi la ngazi ya 5 mara nyingi halina.

Hatari iko kwenye moto, sumu na uchawi wa akili. Hasira ya kawaida haikati hayo. Mkikutana na joka, usimpige bila kujilinda halafu utegemee hasira ikuokoe na pumzi yake.

Kosa ninaloliona sana kwa wanaoanza: kumvika Babariani vazi zito. Akilivaa hasira haiwaki. Nusu-bamba ni vazi la kati, linaruhusiwa, na kwa Wepesi 14 linampa kinga 17.

MlinziWaLango:
Mnamwacha Paladini bila haki. Kwa siku yenye mapambano machache, yeye ndiye anayenufaika zaidi. Ngazi ya 5 ana nafasi 4 za uchawi za daraja la kwanza na 2 za daraja la pili. Akizitumia zote kwa pigo takatifu, uchawi unaoongeza madhara silaha yake inapompata adui, ni 2d8 mara nne na 3d8 mara mbili, wastani 63, juu yake pigo moja la bure, 9. Jumla 72 za ziada kwa siku, na anachagua azitoe lini, hata baada ya kuona 20 kwenye dadu.

Waliozoea kanuni za 2014 waangalie: sasa pigo takatifu linakula kitendo cha ziada, hivyo ni moja tu kwa zamu. Kuponya kwa mikono, uhai 25 kwa ngazi hiyo, nako kunakula kitendo hichohicho. Huwezi vyote viwili.

Kinachombeba hasa kinakuja ngazi ya 6. Kila mwenzake aliye ndani ya futi 10 anaongezewa nyongeza ya Haiba yake kwenye dadu za kujinusuru, zile za kuhimili uchawi na hatari nyingine. Mchawi wenu mwenye +2 akipigwa, anashikilia uchawi wake kwa asilimia 65 dhidi ya ugumu 10. Ukimwongezea +3 inakuwa 80.

Mrusha20:
Na Mtawa, ndugu zangu?

FundiDadu:
Mtawa hulipia mbinu zake kwa nukta. Mapigo manne kwa nukta moja, wastani 23, ni mengi. Lakini nukta ni 5, na kumduwaza adui kunazila hizohizo. Bila mapumziko mafupi zinarudi mara moja tu kwa siku, pambano linapoanza. Uhai wake ni 38, na kinga yake ya mkono inapunguza kama 14 kwa pigo moja tu katika raundi. Adui mwenye mapigo matatu atampitia. Mbele peke yake, hapana.

BintiNgao:
Kama kampeni inaishia ngazi ya 5 au 6, Babariani, kwa kuwa kasisi mnaye. Ikivuka hapo, Paladini. Kwa hilo namuunga mkono MlinziWaLango.

Mrusha20:
Inaishia ya 6. Pointi 27 za kununulia sifa nizigawe vipi?

BintiNgao:
Nguvu 15, Wepesi 14, Ustahimilivu 15, Hekima 10, Akili na Haiba 8 kila moja. Usuli wa Mkulima au Askari: +2 Nguvu, +1 Ustahimilivu. Ngazi ya 4 chukua kipaji cha silaha kubwa. Kinakupa +1 Nguvu ufike 18, na kila pigo la silaha nzito kwenye zamu yako linaongezeka 3. Washa hasira kabla ya kusogea.