Yule Mmexico wa kuteleza kwenye barafu alijifunzia wapi?

Mama_Nuru
Habari za jioni wakuu. Binti yangu ana miaka 8, viatu vya magurudumu huu mwaka wa pili, kila jioni anazunguka kwenye saruji mbele ya nyumba, kamba anazikaza mpaka mguu unabaki na alama nyekundu. Juzi nilimwonyesha video ya Donovan Carrillo kwenye Olimpiki ya Beijing 2022, tangu siku hiyo hana habari nyingine. Sasa kaniuliza, mama kwani Mexico si kuna joto, barafu aliipata wapi? Nimekosa jibu. Wanaomjua nisaidieni, nataka nimwambie ukweli, sio kumpamba tu.

Mzee_wa_Viwanja
Dada, aliipata moli, yani kwenye jengo la maduka, sikutanii. Alianzia Guadalajara, uwanja wa kule ukafungwa yeye bado katoto ka miaka 13 hivi, kocha wake Gregorio Núñez akahamia León, dogo naye akaaga wazazi akamfuata. Na huko León barafu ilikuwa ndani ya moli, ndogo kuliko ya mashindano ambayo ni mita 60 kwa 30, halafu wateja walikuwa wanaingia kuteleza kama kawaida. Yani umeshapata kasi unataka kuruka ujizungushe hewani mara tatu, mara mbele yako kuna mtoto kashikilia ukuta anajifunza kusimama, unakatisha, unaanza upya, na ndo maisha ya miaka hiyo yote. Ndo maana nilivyomwona Beijing na ile nguo inametameta machozi yalinitoka kabisa. Programu fupi, yani raundi ya kwanza ya mchujo, alipata pointi 79.69 akaingia 24 bora wanaocheza ile ndefu ya mwisho, kabla yake hakuna Mmexico aliyewahi kufika hapo, na miaka 30 ilikuwa imepita nchi yao haina mtu kwenye mchezo huo Olimpiki. Akamaliza wa 22. Kuna watu wanauliza wa 22 ni nini, jamani nafasi za wanaume zilikuwa 30 tu dunia nzima!

Kaka_Tanga
Mwonyeshe na Michael Christian Martinez wa Ufilipino. Huyo ana pumu tangu utotoni, naye kaanzia moli hukohuko upande wa Manila, mwanzoni baridi ilimbana kifua lakini mama yake akaona mwaka hadi mwaka afya inatengemaa, akamwacha aendelee. Olimpiki ya Sochi 2014, miaka 17, Ufilipino nzima mwanamichezo ni yeye peke yake, bendera kabeba yeye, akawa wa 19. 2018 alirudi ila hakuvuka programu fupi. Na kwa kuwa umeomba ukweli dada yangu, pesa inauma sana, familia yake ilifika mahali pa kuweka nyumba rehani.

Fundi_Magurudumu
Magurudumu asiache. Mashindano ya kuruka na kujizungusha yapo hata huko, na mruko wa axel, salchow, lutz ni ileile ya kwenye barafu. Cha muhimu viatu viwe vya mchezo huo, vya magurudumu mawili mbele mawili nyuma au vya mstari mmoja vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuruka, sio vile vya mstari mmoja vya kawaida. Na helmeti, saruji haina huruma.

Mama_Nuru
Asanteni sana, mbarikiwe. Vyake ni vya mstari mmoja vya kawaida, kesho naanza kuulizia vingine. Nimemsomea pale pa mtoto aliyeshikilia ukuta, kanyamaza weee, halafu kaniuliza: "Hakumgonga?"