Msiweke Sahihi Kwanza (kikundi cha ukoo, Mombasa)

Omar: Assalaam alaikum jamaa. Yule mtu wa bima ya lori lililomuua ndugu yangu kwenye pikipiki kanipigia tena. Wanatoa laki 3 na nusu, pesa kesho kutwa. Anataka mjane wake, Zuhura, aweke sahihi tu. Mwaonaje?

Shangazi Mwanakombo: Waalaikum salaam. Arubaini haijafika! Nambari zetu kapewa na nani huyo?

Asha (Muscat): Laki 3 na nusu kwa roho ya mtu? Subhanallah

Omar: Asha wewe uko mbali. Huku karo ya watoto yadaiwa, na deni la mazishi nalijua mimi.

Bakari: Niko nje ya korti, nipeni dakika. Lakini MSIWEKE SAHIHI KITU.

Bakari: Haya. Karatasi hiyo si ya kupokelea pesa tu. Ndani yake mwasema mumelipwa yote na hamumdai tena mwenye lori wala bima. Ukishatia sahihi, kuitengua ni kazi kubwa.

Omar: Na tukikataa tukakosa zote? Kesi za Kenya wazijua wewe.

Bakari: Yaweza kukokotwa miaka, hilo kweli. Lakini tupige hesabu. Marehemu alikuwa na miaka 34, seremala. Alikuwa akipata kiasi gani kwa mwezi?

Zuhura: Mwezi mzuri 25,000. Mwezi mbaya 12,000. Hakuwa na payslip

Bakari: Pole shemeji. Tuseme 18,000. Korti huzidisha kwa miezi 12, kisha kwa miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, kisha huchukua theluthi mbili kwa sababu alikuwa na mke na watoto. Kwa miaka 20 yaja 2,880,000. Jaji akisema miaka 15 ni 2,160,000. Hapo bado fidia ya maumivu, ya kukatizwa uhai, na gharama za mazishi.

Asha (Muscat): Na wao watoa 350,000 😡

Bakari: Pole pole. Wakili wao atauliza kama alikuwa na helmeti, kama pikipiki ilikuwa na taa. Korti ikiona naye alichangia ajali, wakakata thuluthi mfano, hesabu yashuka. Na kisheria bima hailipi zaidi ya milioni 3 kwa mtu mmoja, kinachozidi humfuata mwenye lori mwenyewe.

Omar: Bila payslip nani atatuamini hiyo 18,000?

Bakari: Mahakama ya Rufaa ilishasema tangu 2005 kwamba mapato hayathibitishwi kwa makaratasi pekee. Tutoe M-Pesa yake ya mwaka mzima, na wateja wawili watatu waje waseme. Yule aliyetengenezewa kabati pale Kisauni yupo?

Shangazi Mwanakombo: Yupo. Na hajamaliza kulipa!

Bakari: 😅 Basi huyo atakumbuka bei vizuri.

Omar: Sasa Bakari niulize. Hizo pesa zikija si ni mirathi? Si zitakwenda kwa kadhi kila mtu apate haki yake?

Shangazi Mwanakombo: Omar.

Bakari: Ni swali la maana shangazi, wengi hugombana hapo. Kuna mafungu mawili. La kwanza ni Sura ya 32 ya sheria za Kenya, sheria ya ajali za vifo. Hilo ni la waliokuwa wakimtegemea: mke, watoto na wazazi. Ndugu hawamo. La pili ni Sura ya 26 ya sheria hizo hizo, fidia ya maumivu na kukatizwa uhai. Hilo laingia katika mali ya marehemu, ndilo mirathi.

Bakari: Na kwenye mirathi pia, baba yu hai na marehemu ana mtoto wa kiume. Mke thumni (moja ya nane), mama sudusi (moja ya sita), baba sudusi, inayobaki ya watoto. Ndugu kazuiwa.

Omar: Sikuuliza kwa tamaa. Sanda, gari kutoka Mtwapa, chakula cha matanga, nimetoa mimi zaidi ya 80,000.

Bakari: Na hizo ndizo tunazoweza kudai. Gharama za mazishi hudaiwa kando kabisa, na zataka risiti. Zote unazo?

Omar: Nyingine ninazo.

Shangazi Mwanakombo: Za duka la Mzee nitakwenda kumwandikisha mimi leo.

Zuhura: Mimi niko eda. Kortini nitaendaje?

Bakari: Usitoke. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu kifo, eda itakwisha zamani. Ingekuwa gari la serikali tungekuwa na miezi 12 tu, lakini hili ni la mtu binafsi. Cha kwanza ni hati ya usimamizi wa muda wa mali ya marehemu, ya kesi peke yake, bila hiyo fungu la pili hulipati. Kamishna wa viapo atakuja nyumbani kukuapisha.

Zuhura: Na sehemu ya watoto?

Bakari: Korti huamuru iwekwe benki mpaka wafike miaka 18. Hakuna mtu wa kuigusa bila ruhusa ya korti.

Asha (Muscat): Wakili je? Kuna mmoja alimfuata mama pale mochari, akasema atachukua asilimia 40 tukishinda, bure tukishindwa

Bakari: Huyo msimrudie. Sheria ya Mawakili yakataza makubaliano ya kugawana ushindi. Tukikosa pesa twende Kituo cha Sheria, wana ofisi hapa Mombasa, au huduma ya taifa ya msaada wa kisheria.

Bakari: Kazi za wiki hii: Omar, abstrakti ya polisi (karatasi yao ya ajali) na nambari ya OB, daftari la matukio la kituoni. Nambari ya lori itafutiwe mwenyewe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ripoti ya upasuaji wa maiti. Cheti cha kifo. Na dereva akipelekwa korti ya trafiki mtu akakae asikilize, akipatikana na hatia yatusaidia.

Omar: Abstrakti nakwenda sasa hivi.

Zuhura: Shemeji Omar, mwambie yule mtu wa bima asinipigie tena.

Omar: Nimeshampigia. Ati sasa watapandisha mpaka laki 6.

Bakari: Mwambie aandike barua.