WANA WA NGAMIANI 🐢

*Jumatatu*

Dada Rehema 06:12: Asalaam aleikum wote. Kobe, gari letu la kulala kambini. Mamkubwa anaingia tarehe 2 Agosti na meza bado imefungwa kamba ya viatu. Nataka majibu mawili tu: tunatengeneza au tunang'oa? Na kitambaa cha viti, bluu au kijivu? Fundi anasubiri mpaka Ijumaa.

Dada Rehema 06:13: Pauni 65 kila mtu. Tuko sita.

Dada Rehema 11:40: Naona tiki za bluu tano.

Saidi 11:52: Si ndio jibu la rangi hilo dada 😂

Dada Rehema 11:52: Saidi.

Omari 13:05: Kobe nimemkagua jana hapa nje kwangu. Mguu wa meza umekatika pale unapochomekwa sakafuni. Ubao umevimba pembeni, maji yaliingia. Sponji ukiikalia unasikia mbao. Ila vile viti viwili vinavyotazama mbele visiguswe, vyuma vya mikanda vimefungwa mpaka kwenye chesisi. Ukivitoa, huko nyuma hakuna wa kufunga mkanda, na bima lazima waambiwe. Fundi anayesema atang'oa vyote kwa siku moja, tumkimbie.

Dada Rehema 13:06: Fundi nimemtafuta mimi.

Omari 13:09: Najua dada.

Saidi 13:15: Kwanza nani alisimama juu ya meza kule Wales, tuanzie hapo

Mwajuma 13:15: Wewe.

Saidi 13:16: Nilikuwa naua nyigu

Mwajuma 13:16: Nyigu alikuwa nje ya dirisha.

*Jumanne*

Dada Rehema 07:30: Waliolipa: mimi, Omari. Orodha imeisha.

Mwajuma 12:20: Kwa nini tusiweke ubao wa mninga? Ile meza ya mama pale Ngamiani ingetosha kabisa, tungeikata tu

Saidi 12:24: Mwajuma 🫣

Dada Rehema 12:41: Meza ya mama iliharibikia ndani ya kontena mwaka 2014. Ndivyo tulivyoambiwa. Naongelea Kobe hapa.

Omari 12:50: Hata ingekuwepo. Mwisho wa Kobe ni kilo 3,500 pamoja na watu. Mwezi wa nne nilimpitisha kwenye mizani, maji na dizeli vimejaa, hana mtu ndani: 3,090. Zinabaki 410. Weka watu watano na mabegi yao uone. Mninga wa inchi moja na nusu kwa ukubwa ule ni kama kilo 17. Plaiwudi nyepesi haifiki 7.

Saidi 12:51: Mizani ya Vigwaza imehamia Uingereza

Omari 12:52: Wewe peke yako 108.

Saidi 12:52: 104. Nafunga Jumatatu na Alhamisi

Omari 12:58: Maji lita 100 ni kilo 100. Tusafiri na lita 20, tujaze tukifika kambini. Maana tukikamatwa tumezidi uzito, anayeadhibiwa ni dereva.

Dada Rehema 12:58: Dereva ni mimi.

Saidi 12:59: Basi wekeni mninga 😂😂

Dada Rehema 20:10: Hamisi, msumeno wa umeme uko kwako tangu mwaka jana. Uko hewani nakuona.

*Jumatano*

Mamkubwa 21:05: Wanangu, mimi ni Zai, bibi anasema naandika. Mnabadilisha meza kwa ajili yangu? Mwaka juzi nimekula siku tisa nimekaa kwenye kingazi cha mlango, sahani mapajani. Mkawa mnasema Mamkubwa anapenda hewa. Sikupenda hewa. Goti lilikuwa halipiti kati ya kiti na meza, nikaona nisiwasumbue. Iwe ya mninga iwe ya karatasi, mimi nataka kula na nyinyi. Na meza ya marehemu mdogo wangu msiijadili kwenye simu.

Omari 21:48: Shikamoo Mamkubwa. Tusamehe.

Mwajuma 21:50: Shikamoo Mamkubwa 😢

Saidi 21:50: *Ujumbe huu umefutwa*

Dada Rehema 22:31: Shikamoo Mamkubwa. Sahani nilikuwa nakuletea mimi pale mlangoni.

Mamkubwa 22:40: Marahaba. Bibi ameshalala.

*Alhamisi*

Omari 08:15: Kiti cha abiria cha mbele kinageuka kutazama ndani. Hatujawahi kukigeuza hata siku moja, nimejaribu leo asubuhi. Fungua mlango kwanza, la sivyo kinagonga. Mamkubwa akae hapo, hapenyi popote. Ubao uwe mdogo, 80 kwa 50, juu ya mguu wenye mkono unaozunguka. Yeye akishakaa ndio unamsogezea.

Dada Rehema 08:16: Hapo sasa. Namwambia fundi.

Omari 08:22: Ngoja. Usiku meza ndiyo tunaishusha kuziba pengo kati ya viti, watoto wanalala hapo. Huo mdogo hauzibi. Zitakatwa mbao za kuchomeka, na msumeno sina.

Mwajuma 08:40: Watoto walale kwenye hema

Dada Rehema 08:41: Scotland mwezi wa nane? Na vile vijidudu vya jioni?

Saidi 08:44: Mniite nije kuua

Dada Rehema 08:45: Ukae chini ukiwa unaua. Omari, Jumamosi saa nne nije kwako? Sponji naagiza ya sentimita 12, ngumu. Mamkubwa akizama hatoki.

Omari 09:30: Si anakaa mbele? Hata hivyo Jumamosi nina zamu. Jumapili labda.

Dada Rehema 09:30: Fundi nimpelekee "labda"?

Dada Rehema 17:02: Pauni 65 jamani.

Hamisi 23:17: Mlango wa Kobe una upana gani?

Dada Rehema 23:17: 55. Kwa nini?

Omari 23:20: 54 ukitoa raba.

Hamisi 23:41: Inaingia ukiilaza ubavu.

Dada Rehema 23:41: Inaingia nini?

Dada Rehema 23:42: Hamisi

Dada Rehema 23:49: Nakupigia, pokea.

*Ijumaa*

Salma 05:58: Asalaam aleikum, samahani nilikuwa zamu za usiku wiki nzima. Mimi kijivu.