Naomba ushauri: volti 3.3 za HDMI kwenye chipu yenye transista za volti 1.8

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninasanifu saketi ya kutuma picha kwa HDMI ndani ya chipu ambayo kiini chake kinatumia volti 0.9, na ambayo transista zake zinazohimili umeme mwingi zaidi zinaishia volti 1.8. Nyaya za TMDS, yaani zile za HDMI zinazobeba data ya picha, huvutwa hadi volti 3.3 na vikinza vya omu 50 vilivyoko upande wa kipokezi (televisheni), hivyo pini zangu hupata volti hiyo nitake nisitake.

Nimepanga transista mbili kwa mfululizo, ya juu ikiikinga ya chini. Chipu ikiwa imewashwa, hesabu zinakubali: mkondo wa takriban miliampia 10 hushusha waya kwa karibu milivolti 500, wala hakuna transista inayozidiwa. Kinachoninyima usingizi ni pale chipu inapozimwa huku televisheni ikiwa bado inawaka, kwa sababu geti (mguu wa kuiongoza) ya transista ya juu hushuka hadi sifuri na transista hiyo hubebeshwa volti 3.3 zote, na tena dayodi ya kinga, ikiwa imefungwa kwenye njia ya umeme ya volti 1.8, huruhusu mkondo kuingia kinyumenyume.

Je, volti ya geti izalishwe kutoka kwenye pini zenyewe wakati umeme haupo, au niongeze transista ya tatu na kukubali pini kuwa nzito zaidi kwa mawimbi ya kasi? Nyaya za DDC za volti 5, ambazo televisheni huzitumia kueleza uwezo wake, nimeziachia kibadilisha volti cha nje, ingawa aliyewahi kuziingiza ndani ya chipu nitamsikiliza kwa makini.