Mafundi wa Mtwara mnaobahatisha spea kwa hela zetu, leo mtanisikia!

Wadau salaam. Wa Mtwara Kuchele, wa Lindi, hadi nyie wa Masasi mnaoshuka huku msimu wa korosho, huu uzi ni wenu. Nina hasira na sifichi, wale wa "mkuu punguza munkari" nendeni kwanza kwenye nyuzi za Simba na Yanga mtanikuta baadaye.

Gari ni Toyota Carina Ti, injini 5A, ya 1998. Najua kuna watu vidole vinawawasha kuandika "uza hilo kopo chukua IST", sijauliza hilo, gari yangu naipenda na bodi bado iko safi.

Ugonjwa wake huu hapa, na msome taratibu maana jibu lote lilikuwa humu humu. Barabarani haina shida kabisa, naitoa Mikindani mpaka Mingoyo inatembea vizuri, mlima inapanda, inavuta. Ila nikitoa tu mguu kwenye mafuta, mfano nakaribia tuta au trafiki kanyoosha mkono, mshale unaanguka, usukani unatetemeka, kimya. Imezima. Nikipiga stata inawaka hapo hapo. Nikiwasha AC nikiwa nimesimama ndo usiseme, inazima bila hata kuaga. Asubuhi lazima uishikilie na moto dakika kadhaa la sivyo haikai sailensa (ule mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta). Yaani fikiria unafika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, watoto wa shule wanavuka, nyuma yako bodaboda wanapiga honi na gari imekufia katikati.

Nikaipeleka gereji, sitaji jina, anajijua. Fundi hakuuliza hata swali moja. Hakuuliza inazima ikiwa ya moto au baridi, inazima ikikimbia au ikisimama, taa ya cheki injini inawaka au haiwaki. Kafungua boneti, kasikiliza kidogo, "bosi hizi plagi". Haya plagi, zikawekwa nne mpya, gari ikazima hata kabla sijatoka getini. Akasema basi na waya za plagi. Zikawekwa. Ikazima. Hapo akaanza kuvutavuta mipira ya juu ya injini kwa koleo, hiyo koleo muikumbuke.

Akanipasia kwa mwenzake, huyo ndo "mtaalamu wa EFI", yaani injini zinazopimiwa mafuta na kompyuta. Mtaalamu akasema pampu ya mafuta. Laki na ishirini ikaondoka. Sasa jamani mimi si fundi ila nina akili, pampu ikichoka gari inakosa nguvu pale inapotaka mafuta mengi, yaani ungeniona nimekwama kwenye kilima cha kwenda Newala na magunia nyuma. Ikiwa imesimama sailensa injini inakunywa kidogo sana, hata pampu mgonjwa inamudu. Gari inayopanda mlima vizuri halafu inazima ikisimama, pampu inahusikaje? Nilimuuliza hivyo hivyo. Unajua alinijibu nini? "Kaka haya magari ya kompyuta hayaeleweki." Haya, na geji ya kupima presha ya mafuta anayo? Hana. Hajapima kitu, kaotea tu, na hela yangu kaichukua.

Pampu mpya ndani na gari inazima vile vile. Sasa aibu ikawashika wakafanya lile jambo ambalo nataka kila mwenye gari ya zamani alijue, wakachukua bisibisi wakakaza ile skrubu ndogo ya kwenye throtobodi (mlango wa hewa ya injini), ile ya kuzuia kipepeo, yaani kile kifuniko cha ndani, kisifunge mpaka mwisho, wakapandisha sailensa kwa nguvu. Hiyo skrubu kiwandani imeshasetiwa, si ya kuchezea! Wakaniita kwa mbwembwe, "bosi njoo uone, haizimi". Kweli haizimi. Ila sasa imeanza kupanda na kushuka yenyewe, vuuum, inashuka, vuuum, inashuka, mchana kutwa. Ukiweka D bila kukanyaga breki inataka kukimbia yenyewe.

Kwa nini inafanya vile nilikuja kueleweshwa baadaye na nawapa bure. Kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, ikiona umetoa mguu kwenye mafuta lakini injini bado inazunguka kwa kasi, inajua uko kwenye mteremko, inakata mafuta. Mafuta yakikatwa injini inashuka, ikishuka inarudishiwa, inapanda tena kwa sababu hewa inayoingia ni nyingi, inakatwa tena. Gari haina mashetani, ni hewa isiyotakiwa inaingia na kompyuta inahangaika nayo.

Wao wakatoa hukumu, kontroo boksi imekufa. Kisa? Mashine yao ya kupimia haijasoma gari. Ndugu yangu, Ti ya soko la Japani ya miaka hiyo haiongei lugha moja na hivyo vimashine vya elfu hamsini mnavyochomeka chini ya usukani, kutosomeka hakuna maana kwamba boksi limekufa! Walitaka laki tatu na nusu wakaniletee boksi la mtumba toka Dar. Hapo nikachukua ufunguo wangu nikaondoka na gari yangu inayonguruma yenyewe.

Shemeji yangu wa Lindi akaniambia kuna mzee mmoja pale mjini hana bango wala nini, ila anapima. Nikaenda, nimeshika breki njia nzima. Mzee kwanza kanikalisha akaanza kuniuliza maswali, tena mengi. Kisha kafungua kile kiboksi cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, ambacho wale wa mwanzo wote hawakukigusa, kachukua kipande cha waya akaunganisha tundu la TE1 na E1, akanambia "mwanangu weka swichi on, usiwashe, angalia taa ya cheki injini". Ikawa inakonyeza mfululizo bila kupumzika. Akasema hakuna kodi (namba ya kosa) iliyohifadhiwa, ingekuwa sensa ya joto la maji ingekonyeza mbili, inapumzika, mbili, yaani 22. Sensa ya vakyumu ingekuwa 31, ya throto 41. Na boksi linalokonyeza taa namna hiyo halijafa. Waya wa shilingi ngapi huo? Bure.

Akawasha, akachomoa soketi za nozeli (zile zinazopulizia mafuta kwenye silinda) moja moja na kurudisha, kila akichomoa injini inashuka kwa kiasi kile kile. Maana yake silinda zote nne zinafanya kazi, kwa hiyo plagi na waya havikuwa na kosa tangu siku ya kwanza. Soketi nyingine akazikwangua maana huku pwani chumvi inazitia kutu ya kijani, hiyo nayo mkague.

Halafu akapuliza kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) kidogo kidogo kwenye maungio ya hewa (msijaribu hii karibu na ekzosi ya moto, ile kitu inalipuka) na alipofika kwenye ule mpira unaotoka kava la juu kwenda manifodi (bomba la kuingizia hewa kwenye silinda), injini ikabadilika sauti. Akauchomoa. Umekauka mgumu kama ganda la korosho na umepasuka, na pembeni ya ufa kuna alama za meno ya koleo. KOLEO. Mnakumbuka? Kwa hiyo nyumbani kwangu ilitoka gari yenye ugonjwa mmoja, gereji wakaniongezea wa pili na wa tatu na nikawalipa.

Ugonjwa wenyewe wa asili? Kashusha throtobodi, chini yake kuna valvu ya sailensa, ile inayopitisha hewa kipepeo kikiwa kimefunga na inayotakiwa kujifungua zaidi ukiwasha AC. Imejaa masizi meusi, imeganda, haichezi. Basi. Ndo maana barabarani ilikuwa nzima, huko hewa inapita kwenye kipepeo, valvu haitegemewi. Mzee kasafisha hadi ikacheza, kaweka gasketi mpya, mpira mpya, karudisha ile skrubu mahali pake, kajaza maji ya rejeta na kutoa upepo maana yanapita mle kwenye throtobodi. Sasa iko sailensa kwenye 750 hivi, nikiwasha AC inajiongeza yenyewe kidogo na kutulia. Nililipa vyote hivyo pesa ambayo haifiki hata nusu ya ile pampu.

Sasa sikilizeni, sisemi kila gari inayozima ni valvu ya sailensa. Kama yako inazima ikishapata moto halafu haiwaki mpaka ipoe, hiyo ni habari nyingine, kaangalieni koili na igniter. Kama inamisi hadi ikiwa na mzigo, njia nyingine tena. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, dalili ndo zinaonyesha pa kuanzia na fundi anayefungua boneti bila kuuliza dalili anakuja kucheza bahati nasibu, ila tiketi unanunua wewe. Mimi nipo tayari kumlipa mtu kwa kupima tu, hata asibadilishe kitu, na nashangaa kwa nini gereji za hapa kupima ni bure halafu spea zisizohusika ndo bei. Na spea ya zamani ni mali yangu, ikitolewa iwekwe kwenye buti, nisianze kuomba.

Kwa hiyo wewe uliyenifungia pampu, najua humu upo maana uzi wa wiki iliyopita ulikuwa unatoa ushauri wa Noah ya mtu. Pampu yangu ya zamani ilikuwa nzima na bado unayo, nimeambiwa ushaanza kuitafutia mteja. Jumatatu nakuja kuichukua, na mpira mpya wa manifodi mtanirudishia hela yake wewe na mwenzako, alama za koleo lake nimezipiga picha.