Singapore na familia: gari lako, la kukodi, au treni ya MRT? Nisaidieni kulinganisha

Bin_Pangani

Habari zenu wakuu. Niko Singapore mwezi wa tano sasa. Kazi ipo Tuas, tumepanga Jurong West, mimi na mke wangu na watoto wawili. Mkubwa ana miaka 9, mdogo 4. Mama mkwe anakuja kututembelea mwezi mzima na magoti yanamsumbua. Tangu tiketi yake ikatwe, mazungumzo ya nyumbani ni gari tu.

Dar tulikuwa na gari na hakuna aliyeliona anasa. Lilipeleka watoto shule, lilikwenda msibani, lilibeba viroba vya mchele. Huku nilipoingia yadi ya magari nikauliza saluni ndogo ya injini 1600, nilimwomba muuzaji arudie bei mara mbili. Akachukua kalamu, akanichanganulia nyuma ya kipeperushi, na kipeperushi hicho bado ninacho. Thamani ya gari linapoingia nchini 20,000. Ushuru asilimia 20, yaani 4,000. GST, yaani kodi ya mauzo, asilimia 9 juu ya hivyo viwili, 2,160. Kodi ya ziada ya usajili, ambayo kwa dola 20,000 za kwanza ni asilimia 100 ya thamani, kwa hiyo 20,000 nyingine. Ada ya usajili 350. Kisha COE, kibali cha kuliweka gari barabarani kwa miaka 10, ambacho hugombewa kwenye mnada mara mbili kwa mwezi. Hapo aliandika 100,000. Jumla 146,510, dola za Singapore, na faida yake yeye haijaingia.

Jipya nimeshalitoa kwenye hesabu. Nimebaki na njia nne: kununua lililotumika ambalo COE yake imebakiza miaka michache, kukodi kwa mwezi, yale magari ya kukodi kwa saa, au kuendelea na MRT, basi na teksi. Aliyepita njia hizi aniambie ukweli wa mfuko wake.

MwanaMvita

Karibu, ndugu yangu. Nina miaka 9 hapa, na gari tumekuwa nalo na tumeliacha, basi nitakwambia kama nilivyoandika kwenye daftari langu.

Kwanza acha kuuliza bei ya gari. Wenyeji wakikaa kunywa kopi huulizana "depre", yaani gari linakula pesa ngapi kwa mwaka. Unachukua bei uliyonunulia, unatoa kile utakachorudishiwa COE ikiisha, unagawa kwa miaka iliyobaki. Ukishaijua hiyo, gari la dola 46,000 na la dola 90,000 unaweza kuyaweka kwenye mizani moja.

Sisi tulinunua 2022, gari la 1600 lenye COE ya miezi 40. Tulilipa 46,000. Lilipotoka barabarani tulirudishiwa 8,000, sehemu ya ile kodi ya usajili aliyolipa mwenye gari wa kwanza. Yaani 38,000 kwa miezi 40: dola 950 kila mwezi, hata likilala chini ya jengo bila kuwashwa.

Sasa ongeza. Bima 120 kwa mwezi. Kodi ya barabara kwa injini hiyo kama 740 kwa mwaka, weka 62. Maegesho yenye paa ya HDB, hizi nyumba za serikali, 110. Mafuta 220. Servisi na tairi 60. ERP, yaani tozo ya barabara, na maegesho ya mjini 90. Inafika 1,612 kwa mwezi. Kwa sisi wa Kenya zidisha kwa mia uone: zaidi ya shilingi laki moja na sitini.

Na hiyo ERP usiidharau. Wenzetu hawa walianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975, madereva wakibandika karatasi kwenye kioo, mpaka mageti ya elektroniki yakaja 1998. Unapita chini ya geti, mlio mmoja, pesa imekatwa. Saa ya asubuhi na jioni bei ni nyingine.

Baada ya kuliacha, mwezi wetu uko hivi: MRT na basi watu wazima wawili kama 170, teksi na Grab, yale magari ya kuita kwa simu, 280, gari la saa 150. Jumla 600. Tofauti inayobaki, dola elfu moja, ndiyo inayolipa chekechea ya mwanangu.

Swali kwako: kazini unaendaje sasa?

Bin_Pangani

Asante sana dada, hesabu hii ningeipata siku ya kwanza ningelala. Kazini kuna basi la kampuni, linatuchukua Boon Lay saa 12 na nusu asubuhi. Mke wangu anafanya kazi nyumbani. Mkubwa ana basi la shule.

MwanaMvita

Basi siku tano kati ya saba gari lako litakaa kwenye maegesho likila 950. Hapo ndipo uanzie.

Fundi_Gerezani

Mimi niko Dar, biashara yangu ni magari, nichangie upande wa pili wa meli. Kitu kinachowachanganya wengi ni kuona gari zuri la miaka 10 linafutwa usajili. COE ikiisha, mwenye gari ama ailipie upya ama alitoe, na akishalitoa ana mwezi mmoja wa kuonyesha limeenda skrepa au limesafirishwa nje. Kwa kuwa wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, baadhi huja huku. Mengi yetu bado ni ya Japani, lakini ya Singapore yapo. Chini ni safi, hakuna chumvi ya theluji kama ya Uingereza. Ndani ndipo pa kuangalia: jua na unyevu huchosha mpira na dashibodi, na kama lilikuwa la Grab viti vitakwambia. Kenya hayo ya miaka 10 hayaingii, kikomo chao ni miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Kwetu yanaingia ila uchakavu unalipiwa ushuru wake.

Kwa hiyo mkuu, gari unaloogopa kununua huko kwa 46,000, miaka 3 baadaye naweza kuwa ninaliosha mimi hapa Gerezani.

Nyegezi_Yishun

Kama ungekuwa peke yako ningekuambia pikipiki. Nayo ina COE yake, Novemba 2022 ilivuka 13,000, baadaye ikashuka. Lakini kwa watoto wawili na mama mkwe, hapana.

Gari la saa nalitumia sana. Unafungua kwa simu, unalipa saa na unalipa kilomita, mafuta ni juu ya mwenye gari. Kwa shughuli ya saa mbili tatu, mfano kwenda kuchukua kabati, hakuna kinachoishinda. Ukilibakisha siku nzima bei inaruka. Kabla hujaliondoa, lizunguke na simu ukipiga picha pande zote, hata rimu. Na usichelewe kurudisha, anayefuata anasubiri pale pale.

Leseni yako ya nyumbani inakutosha miezi 12 tu tangu uingie. Kabla haijaisha fanya mtihani wa nadharia ubadilishe. Umeshakula mitano.

Baba_Salma

Nimesoma wote kwa heshima, na nina la kusema upande mwingine.

Hapa kuna msemo wa zamani wa C tano ambazo kila mtu anazitafuta, kwa Kiingereza zote huanza na C: fedha taslimu, gari, kadi ya mkopo, kondo na uanachama wa klabu. Ndiyo maana mgeni akisema anataka gari watu humwona anatafuta ufahari. Binti yangu ana miaka 11 na anatumia kiti cha magurudumu. Kliniki mara tatu kwa wiki, na usiku mwingine kifafa kinampanda saa 8. Mabasi yote ya umma hapa yanapandisha kiti cha magurudumu, na vituo vya MRT vina lifti, hilo nalishukuru kila siku. Lakini saa 8 usiku MRT imelala, teksi inaongeza asilimia 50, na dakika kumi za kuisubiri nimezihesabu nikiwa nimempakata. Hizo sitazirudia kwa bei yoyote.

Kwa hiyo COE yetu ilipoisha hatukulitoa gari. Tulilipia upya miaka 5. Unalipa wastani wa bei za mnada za miezi 3, nusu yake kwa miaka 5, na ukichagua mitano huwezi kuongeza tena. Ikiisha gari linaondoka. Ile kodi ya usajili ya kurudishiwa inapotea moja kwa moja. Na kodi ya barabara inapanda, asilimia 10 mwaka wa kwanza hadi 50. Wenzangu kazini walisema ni hasara. Tumeacha mengine: hatujasafiri kwenda nyumbani Tabora miaka 3, kiyoyozi tunawasha chumba kimoja tu.

Bin_Pangani, mwenye haja ya usiku na anunue wala asione haya. Mwenye haja ya Jumamosi asinunue. Wewe ni yupi?

Binti_Unguja

Assalaam alaykum jamani. Mimi niko Muscat na nilikaa Singapore mwaka mmoja na nusu na mume wangu, basi nasema kwa kulinganisha. Huku Oman bila gari huendi popote, duka la mkate tu ni kilomita, na jua la Julai halikuachi. Gari ni la bei ya kawaida, mafuta rahisi. Singapore nilitembea miguu kuliko nilivyotembea maisha yangu yote, na njia zao nyingi kutoka kituo hadi majumbani zina paa, mvua ya alasiri ikishuka unaendelea na safari yako.

Kilichonisumbua ni sokoni. Nyama ya mbuzi, nazi, mihogo na ndizi mbichi nilifuata Tekka, pale Little India, na kurudi na mifuko minne kwenye treni mikono inakatika. Nunueni kile kikapu cha magurudumu mawili, mabibi wote wa pale wanakikokota. Na doriani, ambayo sisi Unguja tunaijua na harufu yake, kwenye MRT hairuhusiwi kabisa. Kula na kunywa pia, faini yake inafika dola 500, mtoto asipewe hata maji mbele za watu.

Nyumba yenu ina lifti kila ghorofa? Kwa mama wa magoti hilo ni kubwa kuliko gari.

Bin_Pangani

Waalaykum salaam dada. Lifti ipo, inasimama ghorofa yetu. Kutoka mlangoni hadi kituo cha basi nimehesabu hatua 240, zote chini ya paa.

Baba_Salma, maneno yako nimemsomea mke wangu, akanyamaza kwa muda. Mungu amponye binti. Jibu langu ni kwamba mimi ni wa Jumamosi. Sasa nimebaki na ule mwezi wa mama tu. Kukodi kwa mwezi kuna aliyefanya? Nimeambiwa 1,750, bima na kodi ya barabara ndani.

MwanaMvita

Sisi tulifanya, mama yangu alipokuja. Bei hiyo ni ya kawaida. Sikiliza vizuri vipengele vitatu. Amana: tuliweka 1,000, na kampuni ile ikazuia 400 kwa mkwaruzo kwenye rimu ambao hatukuuona siku ya kuchukua, na picha hatukuwa nazo. Bima: uliza ajali ikiwa ya kwako unalipa kiasi gani kutoka mfukoni kabla bima haijaanza; yetu iliandikwa 3,000. Na kuvuka mpaka kwenda Johor Bahru, Malaysia, lazima waruhusu kwa maandishi.

Kwa kulinganisha, mwezi ule wa mama ningetumia teksi kila alipotoka, nilipiga hesabu baadaye: alitoka mara 14, kwenda na kurudi, wastani wa dola 16 kila safari. 448.

Baba_Salma

Na mkivuka kwenda Johor, tangi lazima liwe robo tatu kabla ya mpaka wa Woodlands, sheria ya siku nyingi hiyo, wanaangalia geji. Wengi hudhani watakwenda kujaza mafuta ya bei rahisi kule. Yale ya ruzuku, petroli ya oktani 95, magari ya kigeni hayauziwi.

Bin_Pangani

448 dhidi ya 1,750 pamoja na amana. Basi mama atapanda teksi. Jumamosi tutachukua gari la saa tumpeleke Geylang Serai na Tekka, tuone.

Swali la mwisho, mdogo wa miaka 4 kwenye teksi anahitaji kiti cha mtoto?

MwanaMvita

Kwenye teksi yenyewe, ile yenye taa juu, hapana, zimesamehewa. Kwenye magari ya watu binafsi kama ya Grab ni lazima kwa yeyote aliye chini ya mita 1.35, na dereva ana haki ya kuwakataa. Yupo wako wa miaka 9 pia, mpime leo. Kwenye gari la saa nalo unabeba kiti chako. Vile vya kukunja tunavyo viwili, vimekaa kabatini tu, viko Clementi. Njooni mvichukue kabla mama hajafika.