Gemu za klaudi mbona hazishiki kama PS (PlayStation)? Nataka kufungua kibanda Mtwara

Njomba_wa_Chikongola

Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nataka kufungua kibanda cha gemu huku Chikongola kabla msimu wa korosho haujachanganya, si mnajua minada ikianza hela inavyomwagika mtaani, vijana wanacheza mpaka usiku wa manane. Mpango wangu ulikuwa PS4 mbili za mtumba, TV mbili, mabenchi, basi. Sasa mdogo wangu yuko chuo Dar kanipigia eti kaka usitupe hela kwenye mashine, siku hizi kuna gemu za klaudi, gemu inaendeshwa kwenye seva, yaani kompyuta kubwa, huko ilipo, wewe huku unakuwa na TV na pedi ya kuchezea na intaneti tu, unalipia kwa mwezi. Nikaona kama kanifungua macho vile. Nikaingia Google kusoma, nakuta hao hao Google walikuwa na kitu chao kinaitwa Stadia wakakifunga. Ndo swali langu, Google na hela zote zile na seva dunia nzima walishindwa nini, na Sony anazidi kuuza PS5 kama maandazi? Ni intaneti tu au kuna kingine? Na je kwa kibanda huku Kusini inafaa? Naomba majibu ya wanaojua, matusi pelekeni kwenye nyuzi za siasa.

Mmwera_IT

Njomba swali zuri. Mi niko Lindi, kazi yangu ni mambo ya mitandao, ngoja nianze na hiyo ya intaneti maana watu wanaielewa nusu. Wengi wanasema "mbona YouTube inacheza fresh, gemu itashindwaje". YouTube inavuta video mapema, we unaangalia dakika ya pili yeye keshapakua ya tatu, mtandao ukiyumba kidogo hujui. Gemu haiwezi kuvuta mbele, picha inayofuata inategemea kidole chako umebonyeza nini sasa hivi. Unabonyeza shuti, ile amri inasafiri mpaka kwenye seva, seva inachora picha, inaikandamiza kuwa video, inairudisha kwako, TV inaifungua. Yote hayo kabla kipa hajaruka. Gemu ya freimu (picha) 60 kwa sekunde kila picha inakaa kama milisekunde 16 hivi. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200 kwa milisekunde moja, sasa chukulia seva iko Ulaya na waya una kilomita elfu 8, kwenda na kurudi tayari ni milisekunde 80, hapo hujaweka ruta za njiani, hujaweka mnara wa simu, hujaweka hiyo kazi ya kukandamiza video. Yaani umeshachelewa picha tano kabla hata hujaanza kulalamika. Ni kama ile unaangalia mechi kwa king'amuzi jirani mwenye redio keshashangilia goli, we bado unaona mpira uko katikati. Na hapo usidhani ukinunua bando kubwa zaidi itapona, bando kubwa linaongeza wingi wa data, umbali unabaki palepale. Dawa yake ni seva kuwa karibu, na hao jamaa hawajazileta huku. Stadia ilipoanza Novemba 2019 ilikuwa nchi 14, Afrika hakuna hata moja.

Msukuma_Pedi

Hapo juu kaongea kitaalamu lakini hajajibu swali la jamaa. Kauliza GOOGLE ilishindwa nini. Marekani na Uingereza huko faiba ipo mpaka chooni na seva ziko jirani, mbona kule nako ilikufa? Intaneti ni sababu yetu sisi sio sababu yao.

Stadia iliuawa na biashara yenyewe. Unalipa dola 9.99 kwa mwezi kwa ule usajili wao wa Pro, halafu gemu mpya unainunua tena bei ileile ya dukani, na ukishainunua huwezi kuicheza kokote isipokuwa kwao. Sasa mtu ana PS4 yake nyumbani na marafiki zake wote wako PS, ahame ili iweje? Halafu gemu zenyewe. Stadia ilikuwa inatumia mfumo wa kompyuta wa Linux, kwa hiyo kampuni ya gemu lazima ikae iitengeneze upya kidogo kwa ajili ya mfumo wao, kwa wateja wachache vile nani ajisumbue. We mtu wa mpira sikiliza hii: FIFA 21 ilitoka Oktoba 2020 kwenye PS4 na Xbox (mashine ya Microsoft), Stadia ikafika Machi 2021. Miezi mitano! Ligi inakaribia kuisha ndo unaletewa gemu ya msimu. Walifungua studio zao watengeneze gemu zao wenyewe, Februari 2021 wakazifunga kabla hazijatoa kitu cha maana, na ukiona mtu anafunga jiko lake ujue hoteli haina muda. Septemba 2022 wakatangaza wanafunga, tarehe 18 Januari 2023 ikazimwa kabisa.

Na kinachonishangazaga ni kwamba nafasi walipewa. 2020 watu wamefungiwa ndani na korona, PS5 imetoka Novemba mwaka uleule na haipatikani, watu wanalangua bei mara mbili. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba ikawa inajikwaa vibaya kwenye PS4 mpaka Sony wakaitoa dukani kwao mtandaoni, kwenye Stadia ilikuwa inaenda vizuri tu. Yaani mpinzani kaanguka mwenyewe golini na bado wakapaisha.

Dogo_wa_Ubungo

Mzee mbona mnaizika klaudi wakati haijafa. Iliyokufa ni Stadia, na kabla yake OnLive ya 2010 ambayo Sony alikuja kununua hataza zake 2015. Huyo huyo Sony 2012 alinunua kampuni ya klaudi ya Gaikai kwa dola milioni 380, PlayStation Now ikazaliwa hapo. Xbox wana klaudi ndani ya Game Pass, usajili wao wa mwezi, toka 2020. GeForce Now ya Nvidia ipo, tena ile unaingia na gemu ulizonunua duka la mtandaoni la Steam, hulipii mara mbili. Mpaka wakubwa wa ushindani wa biashara wa Uingereza Aprili 2023 waliwahi kuzuia Microsoft asinunue kampuni ya gemu ya Activision kwa sababu ya hiyo hiyo klaudi, mpaka Microsoft akakubali haki za klaudi ziende kampuni nyingine ya gemu, Ubisoft. Sasa kitu kilichokufa kinagombaniwa hivyo?

Halafu Njomba, faida moja hawajakwambia. TV na kifaa kidogo vinakula umeme kidogo kuliko PS4, hata sola ndogo inasukuma. Huko kwenu umeme mnaujua wenyewe.

Msukuma_Pedi

Dogo umejijibu mwenyewe humo humo. Wanaopumua wote wameiweka klaudi kama nyongeza. Xbox anakwambia lipia Game Pass, ukiwa nyumbani cheza kwenye mashine, ukisafiri cheza kwenye simu. Hajakwambia tupa mashine. GeForce Now anakodisha kompyuta tu, gemu ulishanunua kwingine, siku akifunga hiyo huduma gemu zako zipo. Stadia alitaka awe kila kitu peke yake, duka na mashine na klabu ya marafiki, na hana hata kimoja watu walichokuwa wanakililia.

Mama_Gemu_Mikindani

Samahani wanangu nimechelewa nilikuwa nafunga hesabu. Mimi nina kibanda huku Mikindani, nilianza na PS2 enzi zile ikaja PS3 sasa nna PS4, kwa hiyo njoo tuongee hela maana mmejaa historia tu.

Mechi moja kwangu ni mia tano. Kwa saa TV moja ikienda bila kupumzika unapata mechi tano sita, kwa hiyo sema buku tatu kwa saa, na hiyo ni jioni, mchana watoto wanakaa tu kutazama na kupiga kelele. Sasa hao wa Stadia wenyewe walisema angalau spidi ya 10 Mbps. Piga hesabu, megabiti 10 kwa sekunde mara sekunde 3,600, gawa kwa nane maana baiti moja ni biti nane, unapata GB nne na nusu kwa saa. Kwa TV MOJA. Hata GB moja ungeipata kwa buku, na huipati, umetoa 4,500 kuingiza 3,000. TV mbili ndo unazidisha hasara. Wale wa picha kali ya 4K walitaka 35, hiyo ni GB 15 na kitu kwa saa, hata usiiwaze. Utasema nichukue la mwezi lisilo na kikomo, sawa, lakini hayo yana spidi ya kupangiwa na jioni mtaa mzima ukiingia mtandaoni ndo saa yako ya wateja. Mteja kalipa mia tano, picha ikiganda yuko na kipa, atakudai mechi irudiwe na kelele juu. Mimi vijana wangu wakifungwa wanasingizia pedi, wakipewa na mtandao wa kusingizia tutafunga duka.

Na hilo la umeme mwanangu wa Ubungo, umeme ukikata muda mrefu mnara nao unachoka. Mei 2024 ile waya za baharini EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, mtandao nchi nzima ukawa wa kusuasua, na mwezi uleule kimbunga Hidaya kilishapita huku pwani, mimi watoto walikuwa wanacheza kama kawaida. Sidii iko ndani ya mashine, inahitaji nini?

Kingine ambacho hamkisemi, mashine ni mali. Korosho ikidorora nauza moja nalipa kodi ya fremu, msimu ukirudi nanunua nyingine. Sidii tunaazimana na mwenzangu wa Magomeni, akiwa na gemu mpya ananipa na mimi nampa. Akaunti ya kulipia mwezi utamuuzia nani? Tena hizo akaunti ni za mtu binafsi, soma masharti, ukiweka kibanda siku wakikufungia huna pa kwenda kulia. Zile za bure za GeForce Now nasikia unapanga foleni halafu saa moja wanakutoa. Nimwambie mteja nini, subiri foleni ya Ulaya?

Mmwera_IT

😂😂 foleni ya Ulaya. Mama kamaliza. Mi naongeza kidogo tu, Stadia walirudisha hela za watu, gemu na vifaa vilivyonunuliwa dukani kwao, hapo walikuwa waungwana. Wasingefanya hivyo mtu aliyenunua gemu kumi angebaki na picha za kumbukumbu. Ndo tofauti ya kuwa na kitu na kuruhusiwa kukitumia. Ingawa na hizi PS5 zisizo na mlango wa sidii tunaelekea hukohuko taratibu, tuwe wakweli, hata hapa kwa konsoli siku hizi unaweka sidii inakwambia pakua kwanza GB 40 za masahihisho.

Mama_Gemu_Mikindani

Ndo maana kibandani PS5 bado siitaki.

Njomba_wa_Chikongola

Aisee nawashukuru sana, shikamoo mama. Nimempigia dogo nikamsomea hesabu ya GB nne na nusu kanyamaza kwanza, halafu eti "mi nilikuwa nasemea matumizi ya nyumbani". Hata nyumbani hapo chuoni anatumia waifai ya bure ndo maana anaona dunia tamu. Nabaki na PS4 zangu mbili. Sasa mama nisaidie, nimepata jamaa Masasi anauza PS4 Slim (ile nyembamba) moja na ile nene ya kwanza moja, nene kashusha bei kweli ila anasema feni inavuma. Nichukue au nijichange nipate Slim zote mbili?

Mama_Gemu_Mikindani

Marahaba mwanangu. Nene inayovuma mwambie aiwashe mbele yako icheze mechi tatu mfululizo, sio umwone ameiwasha dakika mbili unamlipa. Mara nyingi ni vumbi tu na pesti ya prosesa imekauka, fundi anafungua anasafisha. Ikizima yenyewe katikati ya mechi muachie. Na usisahau stebilaiza, nunua kitu chochote lakini stebilaiza kwanza.

Msukuma_Pedi

Na angalia pedi, nusu ya bei iko kwenye pedi. Analogi (kile kijiti cha kidole gumba) ikitembea yenyewe mdai apunguze.